Sentensi Inayoanza na Fedha: Uhakiki wa Kifungu cha 14 cha Sheria ya Chakula cha Shule ya Brazil

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Tangazo la ruzuku, fomu ya zabuni na kifungu cha sheria tunawaachia mawakili na wahasibu, kana kwamba ni maandishi yasiyo na fani. Mimi naamini fani imo humo, tena ina uzito kuliko tunavyodhani. Hati ya ununuzi wa chakula ina nafsi inayozungumza, ina wahusika waliopewa nafasi ya kutenda na wengine walioachwa watendewe, ina mwanzo na ina mwisho. Mpangilio huo ndio unaoamua kama mkulima mwenye ekari mbili atauza maharage yake kwa shule iliyo ng'ambo ya barabara, au ataendelea kumpelekea dalali huku shule ikila maharage yaliyotoka mbali.

Hati ninayoihakiki hapa ni fupi mno. Ni Kifungu cha 14 cha Sheria namba 11.947 ya Brazil, ya tarehe 16 Juni 2009, inayosimamia chakula cha wanafunzi wa shule za umma ambao idadi yao ni kama milioni 40. Nimeichagua kwa sababu hutajwa mara kwa mara panapozungumzwa haki katika mfumo wa chakula, lakini hutajwa kwa asilimia yake tu: 30. Namba hiyo imesafiri nchi nyingi, na sentensi iliyoibeba imeachwa nyumbani. Hoja yangu ni kwamba nguvu ya kifungu hiki imo katika ujenzi wa sentensi zake, na udhaifu wake umo humohumo.

Yaliyotangulia

Brazil ilianza kulisha watoto shuleni kwa kampeni ya mwaka 1955. Miaka tisa kabla ya hapo, daktari Josué de Castro alikuwa amechapisha kitabu chake kuhusu jiografia ya njaa, akionyesha kuwa njaa huletwa na mipango ya binadamu kuliko ukosefu wa mvua au ubaya wa udongo. Katika miaka ya mwanzo, maziwa ya unga na vyakula vingine vilitegemea misaada ya nje. Baadaye serikali kuu ikawa inanunua yenyewe kwa zabuni kubwa kubwa, na vyakula vya viwandani vikasafirishwa kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine. Mwaka 1994 fedha zikaanza kupelekwa kwenye majimbo na manispaa ili zinunue zenyewe. Mwaka 1996 ukaja Pronaf, mpango wa mikopo kwa kilimo cha familia. Mwaka 2003, wakati Rais Lula alipotangaza vita dhidi ya njaa, ukaanzishwa mpango wa serikali kununua mazao ya wakulima wadogo. Mwaka 2006 sheria nyingine ikafafanua mkulima wa familia ni nani: mwenye shamba lisilozidi vipimo vinne vya ardhi vilivyowekwa kwa kila manispaa, anayetegemea zaidi nguvukazi ya familia yake, na anayeliendesha shamba pamoja na familia hiyo.

Historia hii ina maana katika usomaji wa fani. Kifungu cha 14 hakisimami kueleza mkulima wa familia ni nani wala kwa nini anastahili. Kazi hiyo ilishafanywa na hati zilizotangulia, kwa hiyo chenyewe kinaweza kwenda moja kwa moja kwenye amri. Ufupi wake umenunuliwa kwa miaka mingi ya maandalizi, na anayeunakili bila maandalizi hayo atapata sentensi isiyo na mtu wa kuishika.

Nani anatakiwa kutenda?

Aya kuu ya kifungu, kama ilivyotungwa mwaka 2009 na kwa Kiswahili changu, ilisema hivi: kati ya fedha zote zinazotolewa na mfuko wa taifa wa maendeleo ya elimu kwa ajili ya chakula cha shule, zisizopungua asilimia 30 lazima zitumike kununua vyakula moja kwa moja kutoka kwa kilimo cha familia na kwa mjasiriamali wa familia wa kijijini, au kwa vyama vyao, kipaumbele kikiwa kwa makazi ya mageuzi ya ardhi, jamii za wenyeji wa asili na jamii za quilombola. Hizi za mwisho ni jamii za wazao wa watumwa waliojikomboa na kujianzishia vijiji vyao.

Tuangalie sentensi inavyoanza. Neno la kwanza lenye uzito ni fedha. Mkulima anaingia katikati, na anapoingia hajaambiwa afanye chochote. Hajatakiwa aandike andiko la mradi, athibitishe uhitaji wake, wala aeleze atakavyobadilika baada ya miaka mitatu. Kitenzi cha lazima kimefungwa kwenye fedha, na fedha zina mtu anayezishika, yaani manispaa, jimbo au shule. Kwa hiyo mzigo wa kutenda umewekwa juu ya mnunuzi. Hapo ndipo kifungu hiki kinapoachana na maandishi mengine mengi yanayolenga jambo lilelile.

Tukilinganishe na hati ya Marekani. Sheria ya kilimo ya nchi hiyo ya mwaka 1996 ilianzisha ruzuku za miradi ya chakula ya jamii, kwa nia njema ya kusaidia jamii za kipato cha chini zijilishe kwa njia zao wenyewe. Lakini tusome inavyofafanua mradi unaostahili: ni ule unaohitaji msaada wa serikali kuu mara moja tu ili uweze kujitegemea. Zaidi ya hapo, fedha za serikali kuu haziruhusiwi kuzidi nusu ya gharama, na nusu nyingine inatakiwa itafutwe na mwombaji. Katika hati hii mhusika mkuu ni mwombaji. Yeye ndiye anayeomba, anayechangia, anayetekeleza na anayetoa ripoti. Mwisho wa hadithi nao umeshaandikwa ndani ya fasili, maana mradi unaostahili ni ule ulioahidi kuwa hautarudi kuomba tena.

Huu ndio muundo wa karibu kila andiko la ruzuku. Kuna tatizo, kuna mradi, kuna matokeo, kuna kujitegemea. Ni hadithi yenye mwisho mwema iliyoandikwa kabla haijatokea, na jamii inalazimika kujisimulia hivyo ili ipate fedha: kwanza ijionyeshe ina upungufu, kisha iahidi kwamba upungufu utakwisha kwa tarehe fulani. Njaa haina tarehe ya namna hiyo. Mtoto aliyekula Jumatatu atahitaji kula Jumanne, na mkulima aliyeuza mchicha wiki hii atahitaji kuuza wiki ijayo. Chakula ni jambo la kujirudia, na muundo wa ruzuku ni wa jambo linalokwisha. Mvutano huo hauondolewi na uhodari wa mwandishi wa andiko, hata awe hodari namna gani.

Matokeo ya muundo huo yalionekana Marekani mwaka 2025. Kuanzia Desemba 2021 wizara ya kilimo ilikuwa imetangaza ruzuku kwa majimbo ili yanunue chakula kutoka kwa wakulima wa karibu, hasa waliobaguliwa kwa muda mrefu, na kukifikisha kwa wenye uhitaji. Programu ya pili ikafuata kwa ajili ya shule. Machi 2025 wizara hiyohiyo ikafuta awamu iliyokuwa inakuja, takriban dola milioni 660 za shule na vituo vya kulelea watoto, na takriban dola milioni 420 za upande wa benki za chakula. Wapo wakulima waliokuwa wameshapanga msimu wao kwa kutegemea mnunuzi huyo. Kimuundo hakukuwa na la kushangaza, kwa kuwa makubaliano ya ruzuku humpa mtoaji nafasi ya kutangaza kwamba malengo yake yamebadilika.

Kifungu cha sheria nacho chaweza kufutwa, lakini kukifuta ni lazima bunge likutane na watu wasimame hadharani kukipinga. Siku ya kwanza ya mwaka 2019 Rais Jair Bolsonaro alilivunja Consea, baraza la taifa la usalama wa chakula ambalo lilikuwa mahali pa wananchi na serikali kuzungumza. Kifungu cha 14 kilibaki. Baraza lilirudi mwaka 2023, na muda wote lilipokuwa halipo, sentensi ya 2009 iliendelea kuwadai wanunuzi asilimia yao.

Asilimia ileile, sentensi tofauti

Wasomaji wa Afrika Mashariki wataitambua namba 30. Kenya inayo. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, katika kifungu cha 53, inaagiza kwamba mipango yote ya ununuzi itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa biashara zinazomilikiwa na wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyo katika hali ngumu. Tanzania nayo, kwa kanuni za mwaka 2016, ilizitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Kenya, vilevile, mwaka 2009 ilianzisha mpango wa kulisha shule kwa chakula kinachopatikana nchini, ambapo serikali ilikuwa ikipeleka fedha shuleni na shule ikinunua yenyewe.

Sentensi za Kenya na Tanzania nazo zimeanzia upande wa mnunuzi, na hilo ni jema. Tofauti imo katika yule anayepokea tendo. Kenya inataja biashara na mmiliki wake, na Brazil inataja kilimo na familia inayolima, kisha inaongeza kwamba ununuzi uwe wa moja kwa moja. Kwa sentensi ya Kenya, kampuni ya kijana wa mjini inaweza kununua mchele ulioshushwa bandarini, ikauza kwa shule ya bweni, na sharti likawa limetimia bila kasoro. Kwa sentensi ya Brazil ununuzi huo hauhesabiki, kwa sababu hakuna familia iliyolima upande wa pili wa malipo.

Silaumu sheria ya Kenya kwa hili. Iliandikwa kufungua mlango wa biashara ya serikali kwa watu waliofungiwa nje, na hilo ni lengo halali. Ninachosema ni kwamba mtu anayetaka haki ifike shambani hatosheki na kuiona namba 30 kwenye karatasi. Aulize kitenzi kinamwangukia nani.

Fomu ya mkulima

Aya kuu ingekuwa maneno matupu kama ununuzi wenyewe ungeendelea kwa zabuni ya kawaida. Zabuni ina fani yake. Inamwita kila mtu kwa usawa, inaweka masharti yaleyale kwa wote, halafu inawaachia nafasi moja ya kujitofautisha, nayo ni bei. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Kampuni yenye ghala, malori na mtaji wa kungojea malipo kwa miezi kadhaa inaweza kushusha bei. Mkulima mwenye magunia sita hana pa kuishusha.

Kifungu kidogo cha kwanza kinalijibu tatizo hilo. Kinasema ununuzi huu unaweza kufanyika bila zabuni, ilimradi bei ziendane na zile za soko la mahali husika, misingi ya utumishi wa umma iliyo katika katiba izingatiwe, na vyakula vitimize viwango vya ubora. Hapa kitenzi kimebadilika. Aya kuu iliamuru, na kifungu kidogo kinaruhusu. Manispaa inalazimika kununua, na inaruhusiwa kuacha zabuni. Ruhusa hiyo imezungushiwa masharti matatu, na kila sharti linajibu hofu ya mkaguzi wa hesabu: bei isije ikapandishwa, upendeleo usije ukaingia, mtoto asije akala kibovu. Nasoma hapa sauti ya mwandishi aliyejua atashambuliwa upande gani, akajibu kabla ya kuulizwa.

Kutokana na ruhusa hiyo, mfuko wa taifa wa elimu ulitunga utaratibu unaoitwa chamada pública, yaani wito wa umma. Mnunuzi anafanya kwanza utafiti wa bei katika masoko ya mahali pale, anahesabu usafiri na vifungashio, anapata wastani, kisha anaichapisha bei hiyo katika wito wenyewe pamoja na orodha ya vyakula anavyohitaji. Mkulima au chama chake anajibu kwa fomu inayoitwa mradi wa kuuza.

Fomu hiyo nataka tuitazame kwa karibu, kwa maana kwangu ndiyo kazi bora ya kifani katika mpango wote. Juu kuna jina la anayeuza, namba zake za utambulisho na akaunti ya benki. Chini yake kuna jedwali lenye safu za zao, kipimo, kiasi, bei ya kipimo kimoja, jumla, na ratiba ya kupeleka. Safu ya bei ina alama ndogo, na chini ya jedwali maelezo ya alama hiyo yanasema bei ni ileile iliyochapishwa katika wito. Mkulima hapangi bei. Anainakili.

Kwa alama hiyo ndogo mchezo mzima umebadilika. Safu ambayo katika zabuni huwa uwanja wa vita hapa imefungwa kabla mkulima hajafika. Zimebaki wazi safu mbili ambazo yeye anazijua kuliko ofisa yeyote: ana kiasi gani, na kitakomaa lini. Anaulizwa habari za shamba lake. Fomu inamfanya kuwa mjuzi, na ni nadra sana kwa karatasi ya serikali kumpa mkulima mdogo nafasi hiyo.

Bei ikishafungwa, washindani wanachaguliwa kwa nini? Kanuni zinajibu kwa mpangilio wa ngazi. Wa manispaa ileile wanatangulia, kisha wa maeneo ya jirani, kisha wa jimbo, kisha wa nchi nzima. Ndani ya kila ngazi wanatangulia watu wa makazi ya mageuzi ya ardhi, wenyeji wa asili na quilombola. Wanafuata wanaolima bila kemikali, halafu vyama vilivyosajiliwa mbele ya vikundi visivyosajiliwa na mkulima mmoja mmoja. Mpangilio huu unaanza na swali la unaishi wapi, unafuatia na swali la historia imekutendea nini, na kumalizia na unalimaje. Swali la unauza kwa bei nafuu kiasi gani halimo.

Kuna pia namba ya pili ambayo husahaulika. Kila familia imewekewa kikomo cha mauzo kwa mwaka: reais (fedha ya Brazil) 9,000 mwaka 2009, 20,000 kuanzia 2012, na 40,000 kuanzia 2021 kwa kila taasisi inayonunua. Kwa hiyo mpango una namba mbili zinazotazamana. Mnunuzi amewekewa kiwango cha chini asichoruhusiwa kukishukia, na muuzaji amewekewa kiwango cha juu asichoruhusiwa kukivuka. Bila namba ya kwanza, manispaa ingenunua kidogo. Bila ya pili, familia tatu zenye trekta zingechukua yote. Haki katika hati hii inatoka katika namba hizo mbili zikisomwa pamoja, na anayenakili moja tu amenakili nusu.

Milango mitatu ya kutokea

Sasa nifike kwenye udhaifu. Kifungu kidogo cha pili kinasema sharti la asilimia linaweza kusamehewa ikiwepo mojawapo ya hali tatu: haiwezekani kutoa stakabadhi ya mauzo inayotakiwa, haiwezekani kuleta chakula kwa utaratibu na bila kukatika, au hali ya usafi na afya haifai.

Tuzisome zote tatu kwa swali lilelile la nani anatenda. Anayeshindwa kutoa stakabadhi ni mkulima. Anayeshindwa kuleta bila kukatika ni mkulima. Mwenye usafi usiofaa ni mkulima. Aya kuu ilimtwisha mnunuzi mzigo, na aya ya misamaha inaurudisha kwa muuzaji kimyakimya. Hakuna msamaha unaotaja makosa ya upande wa pili. Hakuna panaposema kwamba manispaa iliyochelewa kutangaza wito, iliyoandika orodha ya vyakula visivyolimwa katika eneo lake, au iliyotaka tani kumi zifike kwa siku moja, haiwezi kujificha nyuma ya msamaha. Mfuko wa taifa umeachiwa kuweka taratibu, lakini ndani ya kifungu chenyewe hakuna adhabu.

Zaidi ya hilo, misamaha miwili kati ya hiyo mitatu ni hali zinazoweza kurekebishwa na serikali yenyewe. Stakabadhi ni suala la usajili na kodi. Usafi ni suala la maji, jengo la kuoshea mazao na mkaguzi anayefika. Kifungu kimezichukua kazi ambazo serikali haijazifanya na kuzigeuza kuwa sababu za kutonunua. Katika miaka ya mwanzo manispaa nyingi hazikufikia asilimia 30, na anayeisoma aya hii hatashangaa. Ilikuwa imezipa maneno ya kujitetea kabla hazijashitakiwa.

Hapa ndipo ninapoirudishia ruzuku heshima yake. Sheria ya ununuzi inalipia chakula kilicholetwa. Hailipii mizani, chumba cha baridi, mafunzo ya kutunza hesabu wala mshahara wa katibu wa ushirika. Mambo hayo yana mwanzo na mwisho, hujengwa mara moja na hufundishwa kwa msimu, kwa hiyo muundo wa ruzuku unayafaa barabara. Ruzuku inakosea inapoombwa ifanye kazi ya soko la kudumu. Ikipewa kazi ya kuifunga ile milango mitatu, kila shilingi yake ina mahali pa kukaa.

Sentensi inayokua

Uzuri mwingine wa Kifungu cha 14 ni kwamba hakijaganda. Mwishoni mwa aya kuu kuna orodha ya waliopewa kipaumbele, na orodha ni muundo unaokubali kuongezwa. Agosti 2023, mwezi uleule ambao wanawake wa vijijini waliandamana jijini Brasília katika maandamano yaliyopewa jina la Margarida Maria Alves, kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani aliyeuawa mwaka 1983, sheria mpya iliongeza vikundi vya wanawake kwenye orodha hiyo. Sheria hiyo iliongeza pia kwamba chakula kikinunuliwa kwa familia moja moja, angalau nusu ya thamani yake iandikwe kwa jina la mwanamke.

Nyongeza hiyo ina akili ya kifani. Kabla yake, sentensi ilitaja familia, nayo familia mbele ya karatasi mara nyingi huwa na jina moja, la mume. Neno lililoonekana kuwajumuisha wote lilikuwa likimficha mmoja wao. Sheria ya 2023 iliingia ndani ya neno hilo na kudai jina la pili liandikwe. Mwaka 2025 sheria nyingine ikaipandisha asilimia yenyewe, kutoka 30 hadi 45, kuanzia Januari 2026. Umbo la sentensi halikuguswa. Namba ilipanda kwa sababu sentensi ilikuwa imethibitisha kwamba inaweza kuibeba.

Si kila kitu kimebaki cha karibu, na haikupasa kuwa hivyo. Mchele wa kilimo hai kutoka makazi ya mageuzi ya ardhi ya jimbo la Rio Grande do Sul umefika kwenye shule za jiji la São Paulo, umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja. Jiji la mamilioni haliwezi kulishwa na wakulima waliomo ndani ya mipaka yake. Zile ngazi za kipaumbele zilitabiri hali hiyo, kwa kuwa zinaanza karibu na kuruhusu kwenda mbali pale ambapo karibu hapatoshi.

Mwisho, sheria hii ina wasomaji waliowekwa rasmi. Kifungu cha 18 kinataka kila manispaa na kila jimbo liwe na baraza la chakula cha shule: mjumbe mmoja wa serikali, wawili wa walimu, wanafunzi na wafanyakazi wa elimu, wawili wa wazazi na wawili wa asasi za kiraia. Mjumbe wa serikali haruhusiwi kuwa mwenyekiti. Kwa lugha ya uhakiki, matini imejichagulia hadhira yake na kumnyima mwandishi haki ya kuwa msomaji mkuu. Palipo na baraza linalofanya kazi, ile milango mitatu huwa na watu wanaoilinda. Palipo na baraza la jina tu, asilimia hubaki kwenye karatasi.

La kuchukua

Nimeisoma hati hii kwa ajili ya wanaoandika hati zetu: maofisa wa ununuzi wa kaunti na halmashauri, kamati za shule, mashirika yanayotoa ruzuku, na asasi zinazoziomba. Nchini Tanzania, katika shule nyingi, mkulima anayelisha watoto ni mzazi mwenyewe, anayechanga debe la mahindi na maharage baada ya mavuno. Nchini Kenya mzazi kama huyo akitaka kuuza magunia yake kwa shule anaombwa cheti cha usajili na cheti cha kodi. Mtu anayeaminika kutoa bure haaminiki kuuza. Hili ni tatizo la maandishi kabla halijawa tatizo la kilimo, na maandishi tunaweza kuyabadilisha.

Hukumu yangu ni hii. Kifungu cha 14 ni matini bora katika aya yake kuu na katika fomu iliyozaliwa nacho, na ni matini dhaifu katika misamaha yake. Tukiandika cha kwetu, tuanze na fedha na anayezishika. Tumtaje anayelima, kwa jina lake na la mkewe. Bei tuichapishe sisi, mkulima tumuulize kiasi na msimu. Namba ziwe mbili, ya mnunuzi na ya muuzaji. Na kila msamaha tunaouandika umtaje pia mnunuzi aliyeshindwa kutimiza wajibu wake. Mambo haya matano yanaenea kwenye ukurasa mmoja, na hakuna hata moja linalosubiri mfadhili.